Skipu ya kukodi Mombasa: kipi kinaingia, kipi hakiingii, na upakie vipi

Watu wengi wakianza kubomoa choo ama kusafisha ploti wanapiga simu skipu ije kwanza, halafu ikishabwagwa getini ndio wanaanza kujiuliza watie nini, na hapo ndipo hasara inapoingia kwa sababu mafundi watatupa kila kitu kilicho karibu, betri, rangi, friji bovu, mabati ya zamani, vyote kwa pamoja, halafu dereva anafika kuchukua anakataa kuinua. Nazungumzia lile kontena la chuma lililo wazi juu, lori linakuja linalishusha kwa minyororo na kuondoka, wewe unajaza, linarudi kulichukua. Wengine hawakodi skipu wanakodi tipa ama kanta kwa tripu, lakini mambo ya nini kinaingia na nini hakiingii ni yale yale.

Kitu kimoja ukiweke kichwani tangu mwanzo: taka zikiwa zimetoka kwako, bado ni zako. Kanuni za usimamizi wa taka za mwaka 2006 zinasema anayezalisha taka ndiye mwenye jukumu la kuzitenga na kuhakikisha zimefika mahali pa halali. Kwa hiyo ukitia kitu cha sumu ndani na kikamwagwa kwenye mikoko kule Tudor ama Mikindani, usiseme "mimi nilishalipa lori".

Hatua ya kwanza: zunguka na utenge kabla ya kupiga simu

Chukua asubuhi moja uzunguke nyumba nzima, mpaka stoo, mpaka nyuma ya tangi la maji, mpaka juu ya dari, na utoe mafungu manne. Fungu la vitu vya kuuza ama kupeana, fungu la kifusi, fungu la taka kavu za kawaida, na fungu la vitu vya hatari. Piga picha kila fungu kwa simu kwa sababu ukija kuuliza bei utatuma hizo picha na hakuna atakayekuja kukwambia baadaye ati "hatukukubaliana hivi".

Hilo fungu la kuuza watu hulidharau na mimi nasema ndilo la kuanza nalo. Mabati hata yenye kutu yana mtu wa kuyachukua, anayejenga banda la kuku ama choo cha nje. Fremu za madirisha, grili, geti bovu, nondo zilizopinda, hizo ni vyuma chakavu, zina bei kwa kilo, ila muuzie mtu mwenye leseni na akupe risiti, maana biashara ya vyuma chakavu ilipigwa marufuku nchi nzima mwezi Januari 2022 baada ya nguzo za stima kuibiwa vyuma, na iliporuhusiwa tena ilirudi na masharti makali. Mawe ya matumbawe yakisafishwa plasta yanajengeka tena vizuri tu. Boriti za mikoko, zile ngumu za zamani, usiruhusu mtu azikate kwa msumeno ziingie kwenye skipu, zina wateja wanaozitafuta.

Na kama nyumba iko Mji wa Kale, simama kabisa. Lile ni eneo la uhifadhi lililotangazwa tangu 1991, huwezi kubomoa ukuta wala kung'oa mlango wa nakshi kwa kuamua mwenyewe, nenda ofisi ya uhifadhi ya Makumbusho ya Taifa uulize kwanza. Mlango wa nakshi uliotupwa haurudi tena, na inaniuma kila nikifikiria umeishia kwenye rundo la kifusi kwa sababu fundi aliharakishwa. Halafu skipu yenyewe haiingii vichochoro vile, kule kazi ni mkokoteni ama tuktuk ya mizigo mpaka barabara kubwa ambapo lori linasubiri.

Hatua ya pili: piga hesabu ya ujazo, halafu ya uzito

Hapa ndipo wengi wanakosea, wanaangalia ukubwa wa kontena peke yake. Kifusi ni kizito mno. Mita moja ya ujazo ya kifusi kilichovunjwa ina uzito wa kati ya tani 1.3 na 1.6, na mchanga ama udongo ni karibu hivyo hivyo, ukilowa unazidi. Sasa chukua skipu ya mita 6 za ujazo uijaze kifusi mpaka juu, hiyo ni karibu tani 8 ama zaidi, bado hujahesabu chuma cha skipu yenyewe wala lori. Lori la ekseli mbili kwa sheria ya Afrika Mashariki halifai kuzidi tani 18 kwa jumla, lori na mzigo. Ndio maana kampuni nyingi zitakwambia kifusi jaza nusu tu ama zitakuletea kontena dogo, hawakunyimi kitu.

Mfano wa kazi ya kawaida. Una choo cha mita 2 kwa 2.5, unabandua taili na plasta ukutani mpaka urefu wa mita 2, na chini unang'oa taili pamoja na zege lake la sentimita kama 7. Ukutani ukitoa mlango unapata karibu mita 16 za mraba, unene wa sentimita 3, chini mita 5 za mraba. Ukijumlisha ni kama mita 0.8 za ujazo vikiwa bado vimeshikana, ukishavunja vinafura kwa nusu hivi vinakuwa mita 1.2, na uzito ni kati ya tani moja na nusu na mbili. Choo kimoja tu hicho! Nyumba ya vyoo vitatu tayari una tani 5 na skipu ukiichungulia unaona bado ina nafasi, na hapo ndipo mtu anasema ah ongeza tu.

Upande wa pili makuti, matawi ya mwembe, makochi, dari za mbao, hivyo vinajaza nafasi upesi na uzito hakuna. Kwa hivyo kama una kifusi kingi na samani nyingi, afadhali uagize mara mbili, moja ya kifusi kitupu na nyingine ya mchanganyiko. Kifusi kisafi kisicho na plastiki wala mbao mara nyingi kina mtu jirani anayekihitaji kujazia ploti yenye shimo, uliza mtaani kabla hujalipa kukitupa. Ila hakikisha ni ploti ya mtu kweli na si ufukwe wala mikoko, kujazia huko ni kosa na maji yakija na bamvua utaona yanapotafuta njia nyingine, mpaka kwenye nyumba za watu.

Hatua ya tatu: mtu wa kumkodi

Anayebeba taka lazima awe na leseni ya kusafirisha taka ya NEMA, ile mamlaka ya taifa ya mazingira, na gari lenyewe ndilo linalopewa leseni, kwa hiyo muulize leseni ya gari lile litakalokuja kwako na si karatasi ya jumla ya ofisi. NEMA wana orodha ya wenye leseni kwenye tovuti yao, angalia jina. Halafu uliza swali moja fupi: mnamwaga wapi? Jaa la Kibarani, lile la pale ukitoka kisiwani kuelekea Changamwe, lilishafungwa. Taka za kaunti zinakwenda Mwakirunge, huko Kisauni. Mtu akianza kugugumia ama akikwambia "hilo tuachie sisi", tafuta mwingine.

Mengine ya kuuliza kabla ya kutoa pesa: bei ni ya siku ngapi, siku ikizidi ni kiasi gani, uzito wa mwisho ni upi, wakikuta kitu kisichofaa wanafanyaje, na risiti ya jaa utapewa ama hupewi. Yaandike kwenye WhatsApp wajibu hapo hapo. Kama uko Likoni ama Mtongwe na lori linatoka kisiwani, kubalianeni mapema feri ni juu ya nani na linavuka saa ngapi, foleni ya jioni pale inaweza kula nusu siku.

Hatua ya nne: pa kuiweka

Ndani ya kiwanja chako ndio bora. Kama ni lazima ikae barabarani unahitaji kibali cha kaunti, na usiku iwe na alama inayoonekana maana bodaboda wanapita kasi. Pima geti, upana na pia urefu kama kuna ubao ama bomba juu yake. Angalia juu, lori likinyanyua mikono yake linafika mbali, nyaya za stima na tawi la mwembe zisiwe karibu.

Angalia na chini. Nyumba nyingi za huku zina shimo la choo ama tangi la maji taka chini ya uwanja na limefunikwa na zege jembamba, hata mwenye nyumba mpya hajui liko wapi. Tani 8 zikikaa juu ya kifuniko kile kinaanguka. Uliza mzee aliyekaa hapo muda mrefu, ama gonga sakafu na mtarimbo usikilize panapolia utupu. Kama ni kabro, tandika mbao nene kabla skipu haijashuka, la sivyo utaona kabro zimezama na kuvunjika kwenye pembe nne.

Vinavyoingia bila maneno

Kifusi, zege, mabloko, matofali, taili, masinki na vyoo vya kauri, mbao, milango ya plaiwudi, fanicha iliyovunjika, kapeti, mapazia, mabomba ya plastiki makavu, matawi, majani makavu, makuti, karatasi na maboksi, nguo chakavu. Kopo la rangi likiwa tupu na rangi iliyobaki ndani imekauka kabisa, hilo pia. Vioo vinaingia ila vifunge kwenye gunia ama kapeti kuukuu kwanza, kuna watu wanaochambua taka kule jaani kwa mikono mitupu, wafikirie hao.

Visivyoingia, na kwa nini

Betri ya gari, ya sola, ya inverta, hata moja tu, haiingii. Ndani yake kuna risasi, ile metali nzito yenye sumu, na tindikali, na sisi wa Mombasa hatuhitaji kuhadithiwa na mtu wa mbali madhara ya risasi. Owino Uhuru, pale Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi kuanzia 2007 mpaka kikafungwa 2014, watoto wakakutwa na risasi kwenye damu, mwanaharakati Phyllis Omido akapigania hilo jambo mpaka akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ikaamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Yote hiyo ni kwa sababu ya betri kuukuu. Sasa betri ikitupwa chini ya kifusi inapasuka, tindikali inamwagika, mvua ikinyesha risasi inaingia ardhini. Irudishe dukani unaponunua mpya, wengi wanakupunguzia bei. Betri za simu na pawabenki nazo zitenge, zikibanwa na jiwe zinaweza kuwaka moto zenyewe, na moto ndani ya skipu iliyojaa makuti na godoro si jambo la kuzima na ndoo.

Asbesto ndiyo inayonitia hofu zaidi kwa sababu watu hawaitambui. Nyumba nyingi za zamani za makampuni, za reli, shule, magodauni, zilipauliwa kwa hiyo. Ni shiti la kijivu lenye mawimbi, nene karibu milimita 6, upande wa juu limeota kuvu nyeusi na wakati mwingine kijani. Ukiligonga kwa kidole halitoi mlio wa chuma, linalia kama kigae. Paliponyofoka pembeni ukikaribia utaona vinyuzi vyeupe vimetokeza kwenye ukingo, laini kuliko unywele, na hivyo ndivyo vinavyoua. Shiti likikaa zima halijaguswa lina nafuu, likivunjwa kwa nyundo vinyuzi vinapanda hewani, unavuta, havitoki tena mapafuni, na ugonjwa unaweza kuja baada ya miaka 20, 30 hata 40, makovu ya mapafu na saratani ya utando wake. Kijana kibarua anayevunja leo kwa mshahara wa siku hatajua kilichompata. Yapo mashiti mapya yanayofanana na hayo ambayo hayana asbesto, na kwa macho huwezi kuwa na uhakika, kwa hiyo lichukulie ni asbesto mpaka maabara iseme vingine. Usivunje, usikate, usitoboe, usifagie vumbi lake likiwa kavu. Asbesto inahesabiwa taka ya sumu kisheria, inang'olewa na kubebwa na wenye leseni ya kazi hiyo, inaloweshwa maji, inafungwa kwa nailoni nzito, inazikwa mahali maalumu. Ita NEMA kaunti wakuelekeze kabla fundi hajapanda juu.

Vitu vya majimaji vyote nje. Rangi mbichi, thina, oili ya gari na ya jenereta, mafuta ya taa, tindikali ya kusafishia choo, dawa za mende na mchwa. Skipu si tanki, ina matundu na kutu, kinachomwagika kinaishia kwenye uwanja wako na kisima cha jirani. Rangi iliyobaki kidogo changanya na mchanga ama vumbi la mbao ikauke kopo likiwa wazi, ikishakuwa ngumu ndio itupwe. Oili ipeleke gereji wanaokusanya, usimwage kwenye mtaro, mtaro wa Mombasa unakwenda baharini moja kwa moja.

Friji, friza na AC zina gesi. Ile R22 ya AC za zamani inapasha joto dunia karibu mara 1,800 kuliko kaboni dioksidi ya uzito sawa, na tena inakula tabaka la ozoni. Fundi wa friji ainyonye kwanza kwa mashine kwenye mtungi wake, halafu bodi na kompresa ziende kwa wa vyuma. Kukata bomba na kuiachia ipige mluzi mpaka iishe, jinsi watu wanavyofanya, hapana. Televisheni za zamani zile za mgongo mrefu zina risasi kwenye kioo, na taa za tyubu zina zebaki, ikivunjika fungua madirisha na usiifagie kwa ufagio, okota vipande kwa karatasi ngumu. Hivi vyote ni vya wakusanyaji wa taka za kielektroniki.

Mtungi wa gesi, hata ukiamini umeisha, usitie. Matairi pia wanakataa, yanakusanya maji na mbu, na yakiwaka hayazimiki. Sindano, dawa zilizopitwa na wakati, bandeji za mgonjwa wa nyumbani, rudisha kwenye kituo cha afya ama duka la dawa linalopokea. Maji taka na uchafu wa shimo la choo ni kazi ya lori la kunyonya.

Na chakula. Watu wanashangaa nikisema hiki lakini kwa joto letu mabaki ya pilau na magamba ya samaki siku ya pili tayari ni funza, kunguru watatapakanya mtaa mzima, na paka nao. Sheria ya taka ya mwaka 2022 inataka taka za kuoza zitengwe na zisizooza tangu nyumbani, kwa hiyo peleka mboji, maganda ya nazi pia.

Vya kuuliza kwanza

Jipsamu ya dari inaonekana haina neno, lakini ikichanganywa na vitu vinavyooza halafu ikalowa inatoa gesi yenye harufu ya yai viza, na hiyo gesi ikizidi ni sumu. Itenge, iwe kavu, uliza. Magodoro wengine wanatoza pembeni kwa sababu yanakula nafasi na yakinywa maji hayabebeki. Mbao zilizopakwa dawa ya mchwa ama oili chafu zinaingia kwa makubaliano, ila asizichukue mtu kupikia, moshi wake ni sumu, mwambie wazi anayeziomba. Udongo mtupu sema mapema maana wengi wanauhesabu bei nyingine.

Kupakia

Kama skipu ina mlango wa nyuma, anza kwa kuufungua na uingie na wilibaro, usiwachoshe watu kurusha juu. Tandaza vipande vya bapa chini, milango, plaiwudi, halafu vizito juu yake vikisambazwa sawa sakafu nzima, si rundo upande mmoja, maana lori likiinua kontena lililoegemea upande linayumba. Vunja makabati na vitanda, sinki ligeuze lisiache uwazi, mabomba yakate, mashimo yajaze vipande vidogo vya taili. Vyepesi juu. Mwisho wake ni ukingo wa chuma, hakuna kitu kinachochomoza, hata kama jirani anasema sukuma tu litaingia.

Vibarua wawe na glavu nzito, viatu vya kufunika na kitambaa ama maski, vumbi la zege linaharibu kifua. Nyunyiza maji kidogo kabla ya kupiga beleshi. Misumari kwenye mbao ipigwe ilale.

Usichome kitu ndani ili kupata nafasi. Najua tunaona inafanyika, lakini moshi wa plastiki na rangi unaingia vyumba vya watoto wa jirani, chuma kinapinda na utatozwa.

Kila jioni funika turubai na ufunge kamba. Kwanza mvua, hasa ukiwa umekodi kati ya Machi na Mei, kifusi na godoro vinavyonywa maji usiku kucha asubuhi vimezidi uzito. Pili, skipu wazi mtaani inaita, utaamka ukute tairi mbili na pampasi za wiki nzima si zako, na anayelipia ni wewe.

Siku ya kuchukuliwa

Uwe hapo mwenyewe, usimwachie fundi. Pitia juu na dereva, kama kuna kitu hakifai kitoke sasa hivi mkiwa wote mnaona. Piga picha ikiwa imejaa, ya namba ya gari, na ya turubai ama wavu ukiwa umefungwa, gari halifai kutoka na mzigo wazi. Karatasi ya kufuatilia taka iwe na jina lako, aina ya taka na zinakokwenda, baki na nakala yako, na ukiambiwa risiti ya Mwakirunge itatumwa baadaye, zuia salio kidogo mpaka ifike kama mlikubaliana hivyo. Lori likishatoka pita palipokuwa na skipu na sumaku iliyofungwa kwenye fimbo, pande zote mpaka barabarani, okota misumari yote kabla watoto hawajatoka shule na kabla tuktuk ya kwanza haijapita.